Projekta Niliyomnunulia Mama

Sehemu ya tano

Wiki iliyopita niliishia pale nilipopokea simu ya mdogo wangu Xavery kutoka Lusaka. Tangu gazeti litoke, wapo walionitafuta wakaniambia, "Raymundi, angalau sasa umepata habari njema." Wasomaji wangu, subirini kwanza. Mkimaliza ya leo, mtajua kwa nini nilitaka kuacha kuandika.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mkulima wa tumbaku wa Kigwa. Bani langu, ile nyumba ya udongo tunayokaushia tumbaku kwa moto, liliungua na majani yote ya msimu. Mke wangu akachoka na mikosi yangu, akarudi kwao. Kisha mama yetu, Marcelina, akaangushwa na kifua.

Daktari alisema mama alale penye hewa na jua. Hilo nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Nilivunja ukuta wa chumba cha mbele, nikaweka dirisha kubwa linalotazama mawio, na juu nikapachika bati moja la plastiki linalopitisha mwanga. Mama alipohamia humo alikaa kitandani, akanyoosha miguu juani, akasema, "Hapa hata nikifa nitakufa naona." Nilicheka. Katika maisha yangu yote, kile chumba ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumpa.

Sasa Xavery alipopiga simu alisema hivi: "Kaka, tarehe imepangwa. Nitapewa daraja la upadre Jumamosi, kwenu itakuwa saa nne asubuhi. Najua mama hawezi kusafiri. Misa itarushwa mubashara. Nakutumia hela, mnunulie chombo cha kunionea."

Nilimpelekea mama habari. Machozi yakamshuka.

"Raymundi."

"Naam, mama."

"Mimi sitaki kitu kingine. Sitaki hata kupona. Nataka nione uso wa mwanangu siku hiyo. Uso tu."

"Utauona, mama."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Nilikwenda Tabora mjini siku ya Jumatatu, nikampitia mdogo wangu wa kike, Agnetha. Agnetha ni fundi cherehani, anakaa Kitete, hapohapo mjini, na ana ulimi mkali. Tuliingia dukani kwa Mustafa, muuza vifaa vya umeme, mtu mzima mpole ambaye hana haraka na mteja.

Mustafa alituonyesha televisheni ya kioo bapa, saizi ya kati. Kisha akatuingiza chumba cha nyuma kilichokuwa giza, akawasha projekta ikamulika ukuta mzima. Ilionyesha mpira. Wachezaji walikuwa na urefu wangu. Nilisimama pale mdomo wazi kama mtoto.

"Mnataka kutazamia wapi?" Mustafa akauliza.

"Chumbani kwa mama," Agnetha akajibu. "Ni mgonjwa."

"Chumba kina jua?"

"Jua tele," akasema Agnetha. "Dirisha kubwa, na juu kuna bati la mwanga."

"Basi msihangaike. Chukueni televisheni. Projekta na jua haviivi chungu kimoja. Mtaona ukuta tu."

Agnetha akageuka. "Umesikia, kaka? Yameisha hayo. Twende na televisheni."

Nilisema tukale kwanza. Tulipokula nikamwambia Agnetha aendelee na kazi zake, mimi nitachukua mzigo na kupanda gari. Akaniamini. Nilirudi dukani peke yangu.

"Bwana Mustafa, nipe projekta."

Alinitazama. "Na lile jua?"

"Dirisha lina pazia."

"Pazia halitatosha, ndugu yangu. Mimi nauza vyote, sina hasara hapo. Lakini yule mama atazame kitu anachokiona."

"Nipe projekta," nikarudia.

Hapa ndipo ninapoanza kuungama. Mimi ndiye kifungua mimba. Darasani nilikuwa naongoza, na padri wa zamani alikwisha kuniandikia barua ya kwenda seminari. Baba akafa. Mama akaniomba nibaki shambani wadogo wasome. Nilibaki. Miaka ishirini na mitano watu wa Kigwa wamekuwa wakiniita "kaka yake Xavery." Nikifanikiwa, ni kaka yake Xavery. Nikiunguza bani, ni yule kaka yake Xavery aliyeunguza bani.

Akilini niliona jumuiya yetu nzima ya kanisa imejaa kwangu, Xavery amejaa ukutani, na watu wakisema, "Raymundi kweli mwanamume, kaleta kanisa nyumbani." Televisheni ile ndogo ingenipa nini? Wangetazama, wangekula, wangeondoka. Nilimwonea wivu mdogo wangu katika siku yake ya altare. Mungu anisamehe.

Agnetha alipofika Kigwa Ijumaa alikuta ukuta umepakwa chokaa nyeupe pe na projekta iko juu ya kabati.

"Hii nini?"

"Mustafa alibadili mawazo," nikamwambia. "Alisema televisheni zile zilikuwa na hitilafu."

"Mustafa huyuhuyu?"

"Huyohuyo."

Alinikazia macho. Sikupepesa. Nilikuwa nimejiandaa.

Jioni ile jua likiwa limezama niliijaribu. Wee! Picha ilitoka safi, majirani wakapiga makofi. Mzee Masolwa, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akanipa mkono. "Raymundi, umetutoa kimasomaso." Usingizi ulinijia mtamu siku hiyo. Mimi ninayeishi kwa kulijua jua, ninayejua jani litageuka rangi siku gani, sikujiuliza saa nne asubuhi jua la Kigwa linakuwa wapi.

Jumamosi saa tatu watu walishaanza kuingia. Walikuja na mikeka na viti vyao. Mama alikuwa ameogeshwa, amevaa kitenge kipya na rozari shingoni. Kitanda tulikiinua kichwani kwa matofali ili akae vizuri. Kila anayeingia alimwamkia, naye aliitikia kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia miezi mingi.

"Shikamoo mama padri!"

"Marahaba, marahaba. Kaeni, mumwone mwanangu."

Agnetha akaenda nyuma ya nyumba kusimamia vyungu. Nikaunganisha simu yangu. Saa nne kamili sauti ikaja: kwaya, ngoma, kengele. Watu wakasimama.

Ukutani hapakuwa na kitu.

Yaani kitu kilikuwepo, kama alama ya maji kwenye nguo. Jua lilikuwa limeingia dirishani lote kwa lote, limetua juu ya chokaa yangu na kuwaka. Lingine lilishuka kutoka kwenye bati la mwanga. Ukuta uliumiza macho.

"Raymundi, mbona twatazama chokaa?" mtu mmoja akasema, wakacheka.

Nikashusha pazia. Bure. Nikaongeza shuka. Kikatokea kivuli cha mtu, hujui ni askofu au ni nguzo.

"Xavery ni yupi?" mama akauliza. "Mwanangu, ni yupi? Sioni."

Agnetha aliingia anafuta mikono. Aliangalia ukuta, akaniangalia mimi. Hakunigombeza. Alitoa simu yake. "Mama, ngoja nikufungulie humu, nikushikie karibu."

Wasomaji, hapo mkosi wangu ungeishia. Mama angeuona ule uso kiganjani mwa bintiye, mimi ningeaibika siku mbili tatu, watu wangesahau.

"Zima hiyo simu," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Mtandao wa hapa dhaifu. Ukifungua na wewe, yangu itakwama, watu wote wakose."

"Watu wote au wewe?"

"Agnetha, zima. Nipe dakika tano. Kaangalie chakula chako."

Mzee Masolwa naye akaniunga mkono, akisema ndugu wasigombane mbele ya Misa. Agnetha akazima simu. Alipopita karibu yangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama akikosa kuona, sitakusamehe."

Nilitoka mbio hadi stoo. Maturubai yangu meusi ya kufunikia tumbaku yalikuwa humo, yamenusurika siku ya moto, yananuka jani na moshi. Moja nilipanda nalo juu ya paa nikalifunika bati la mwanga, nikalikandamiza kwa mawe. La pili nikalipigilia dirishani kwa misumari. Mwanga bado ukapenya pembeni. Basi nikafanya kama tunavyofanya kwenye bani tukitaka joto lisitoke: nikakanda udongo, nikaziba kila ufa, na mwisho, nikiwa ndani, nikaziba mpaka chini ya mlango. Kazi ile naijua. Nimeifanya tangu nina miaka kumi na mitano. Nilisahau tu kwamba safari hii ndani kulikuwa na watu.

Nilipoinuka, chumba kilikuwa giza totoro, na Xavery alikuwa ukutani. Mrefu kuliko mimi. Amelala kifudifudi mbele ya altare, kanzu nyeupe, litania ya watakatifu inaimbwa. Vigelegele vikapasua bati.

"Raymundi!" watu wakaita. "Raymundi oyee!"

Nilitembea katikati yao kama bwana harusi. Nilimwinamia mama. "Unaona sasa?"

"Namwona amelala," akasema. "Uso bado. Kaamka?"

"Ataamka sasa hivi."

Akakohoa. "Fungua kidogo, baba. Hewa nzito."

"Kidogo tu mama, askofu yu karibu kumwekea mikono."

Watu walikuwa zaidi ya arobaini mle ndani. Joto lilipanda. Mimi nilitokwa jasho, nikavua koti, wala sikuwaza. Xavery alipiga magoti, kamera ikamwonyesha mgongo. Mapadri wakapita mmoja mmoja kumwekea mikono. Walikuwa wengi, wakamziba.

"Raymundi," mama akaniita tena. "Kifua. Fungua."

"Mama, nikifungua picha itapotea. Wanamvika. Vumilia dakika mbili."

"Sawa."

Mara ya tatu hakuomba. Mimi nikadhani ametulia.

Nilikuwa nimesimama mbele, mkono juu ya kabati, natazama ukuta na watu wanaotazama ukuta. Sikugeuka nyuma. Saa nzima na ushei sikugeuka nyuma kumtazama mama niliyemnunulia kile chombo.

Misa ikafika mwisho. Xavery akageuka. Hatimaye uso wake ukajaa ukuta mzima, macho mekundu kwa kulia, kile kipara cha utosini cha baba kimeanza kutokea. Akasogea kwenye kamera.

"Mayu," akasema, kama alivyomwita mama tangu utoto, "upo Kigwa unanitazama. Baraka yangu ya kwanza ni yako."

Akanyanyua mkono. Chumba kizima kikapiga magoti. Mimi nikapiga magoti. Nililia, sikatai.

Kisha nikamsikia Agnetha. Alikuwa amesukuma mlango kwa bega, udongo wangu umedondoka, amesimama kando ya kitanda.

"Mama? Mama! Jamani, mama!"

Agnetha alishika lile turubai la dirishani kwa mikono miwili akalivuta na misumari yake. Mwanga ukaingia kwa kishindo. Ukutani Xavery akafutika, ikabaki sauti yake inabariki. Mama alikuwa ameegemea upande, midomo imekuwa rangi ya majivu, povu kidogo pembeni. Rozari ilikuwa imemkatikia mkononi. Alikuwa anapumua, lakini kwa kuokoteza.

Tulimpakia kwenye gari la Abasi, jirani yetu. Njia nzima hadi hospitali ya Kitete Agnetha alimshika kichwa mapajani, madirisha yote wazi, vumbi linatuingia. Hakuniambia neno. Walimpokea mbio, wakamwekea oksijeni. Daktari akatuuliza ilikuwaje.

"Alikuwa chumba chenye watu wengi," nikasema.

"Na dirisha?"

"Lilizibwa," Agnetha akajibu. "Yeye ndiye aliyeziba."

Daktari akasema kukosa hewa muda mrefu huweza kuumiza ubongo; imeumiza nini, tutajua akizinduka.

Saa kumi na mbili jioni simu yangu ikaita. Xavery. Nikatoka nje barazani.

"Kaka! Mama aliniona?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema kweli, ingekuwa imekwisha. Lakini nyuma yake nilisikia ngoma, watu wanashangilia, na kesho yake ndiyo ilikuwa Misa yake ya kwanza.

"Alikuona," nikasema.

"Alisemaje?"

"Alilia kwa furaha. Ulipobariki alipiga ishara ya msalaba."

Nikamsikia analia, padri wa siku moja. "Kaka Raymundi, Mungu akubariki. Wewe ndiye uliyenifikisha hapa, na leo umempa mama uso wangu. Nitakutaja altareni kesho."

Nilikata simu, nikakuta Agnetha amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Endelea tu," akasema. "Utafika."

Jumapili, saa nane mchana, mama akafungua macho. Kitanda chake kilikuwa kando ya dirisha, jua limemwangukia kifuani na usoni. Alipapasa shuka, akashika mkono wa Agnetha.

"Misa imekwisha?"

"Imekwisha, mama. Jana."

"Sikumwona," akasema. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba hakula. "Nilisikia ananiita, sikumwona. Mpigie. Nimwone sasa."

Moyo ukanilipuka kwa shukrani. Niliona Mungu ananirudishia nafasi. Agnetha akapiga simu ya picha, na baada ya muda Xavery akatokea, ametoka tu kwenye Misa yake ya kwanza, stola, ule utepe wa kipadri, bado shingoni. Agnetha akamsogezea mama simu mpaka karibu na pua.

"Mayu! Shikamoo!"

Mama akatabasamu uso mzima. "Usiniamkie, wewe sasa padri. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mayu, mbona uko hospitali? Kaka hakuniambia!"

"Kifua tu. Sogea nikuone." Akanyanyua mkono, ukaipita simu, ukashika hewa. "Agnetha, sogeza."

"Ipo hapo, mama. Mbele yako."

"Washeni taa basi. Nitamwonaje gizani?"

Jua lilikuwa usoni mwake. Macho yalikuwa wazi, yametazama juu ya kichwa cha Agnetha, hayakupepesa. Muuguzi aliyekuwa kitanda cha pili akaacha alichokuwa anafanya, akaja, akapitisha kidole mbele ya macho yale, mara moja, mara mbili. Kisha akaondoka haraka kumwita daktari.

Mama alielewa kabla yetu. Niliona anaelewa. Aliukaza mdomo, akaushika mkono wa Agnetha kwa nguvu.

"Raymundi yupo?"

"Nipo, mama."

"Njoo." Nikasogea. Akanitafuta shavu akalipata. "Wewe si ulimwona jana?"

"Nilimwona, mama."

"Ulimwona vizuri?"

"Vizuri."

"Basi nieleze. Uso wake ulikuwaje aliponibariki?"

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Agnetha, naye alikuwa ameigeuzia kwangu. Xavery alikuwa hatabasamu tena.

"Kaka," akasema, "si uliniambia mama aliniona?"

Mama akasikia. Mkono wake ulikuwa bado shavuni kwangu, na haukuondoka. Wote watatu wakanisubiri niseme.